Land Rover 109 pikapu: kukata na kubadilisha pembe za mbele za chesisi (Tanga)

#1 ChumaChaPwani

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye Land Rover 109 pikapu, Series IIA (1961 hadi 1971) na Series III (1971 hadi 1985). Tanga bado zipo: zinabeba mkonge, kuni, na mbaya zaidi chumvi kutoka kwenye mashamba ya pwani. Zikichoka huwa zinachokea sehemu ileile, zile pembe mbili zinazotoka mbele ya injini, zinazoshika bampa na kuning'iniza springi. Watu wengi hupachika kibati, wakapaka rangi, wakaendelea na safari. Tujadili namna ya kuikata na kuibadilisha kabisa.

Kwanza tuelewane chuma chenyewe. Chesisi ya hizi gari ni boksi lililoundwa kwa vipande vinne vya bati la karibu mm 2, vikachomelewa kwenye kona. Ndani ni uwazi. Tope la barabarani na maji ya chumvi huingia kwa matundu, hukaa chini ya boksi na kula kutoka ndani. Kutu ukiuona nje, ndani ulishamaliza kazi yake zamani.

Piga nyundo ndogo taratibu kuanzia bampa kurudi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichokufa hujibu kama debe lenye mchanga. Pale unaposhuku toboa tundu la mm 3, ingiza waya mwembamba uliokunjwa ncha kama ndoana, ivute ishike ukuta kwa ndani, weka alama usawa wa nje kisha upime. Ukikuta chini ya mm 1.5, hapo usitegemeze uchomeleaji wowote. Endelea kurudi nyuma mpaka upate chuma kamili. Kama kutu umepita vishikio vya injini na kufika pale springi ya mbele inapofungwa kwa nyuma, hiyo ni kazi nyingine kabisa, nitaeleza kwa nini.

#2 MsumenoNgamiani

Kabla mtu hajawasha grainda: namba ya chesisi ya hizi gari imegongwa kwenye pembe ya KULIA ya mbele, karibu na pale springi inaponing'inia. Ndicho kipande unachotaka kukikata na kukitupa kwenye chuma chakavu!

Safisha hapo kwa brashi ya waya, usitumie grainda. Piga picha, linganisha na kadi ya gari na kibati cha ndani ya kebini. Kisha nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) na kwa mkaguzi wa magari wa trafiki uwaeleze kazi unayotaka kufanya, KABLA ya kukata. Usigonge namba mwenyewe kwenye chuma kipya, hata kama ni namba ileile. Mkaguzi akikuta herufi zilizogongwa gereji hawezi kutofautisha gari lako na la wizi. Kipande cha zamani chenye namba kihifadhi.

Kama sehemu yenye namba bado ni nzima na ugonjwa uko chini yake, panga mkato uiache. Mara nyingi ubavu wa juu huwa na afya na sakafu ya boksi ndiyo imekwisha.

#3 MwanaKorogwe

Mkuu #1, umesema pale springi inapofungwa kwa nyuma ni kazi nyingine. Fafanua. Si springi ni ileile?

#4 ChumaChaPwani

Springi ni ileile, ila kazi za ncha zake mbili ni tofauti. Kwenye hizi Land Rover, jicho la NYUMA (tundu la ncha) la springi ya mbele limefungwa kwa bolti moja kwenye chesisi, halitembei. Jicho la MBELE limeshikwa na shakeli, vile vibao viwili vinavyobembea, na shakeli ndiyo inayoning'inia kwenye pembe. Kwa hiyo ekseli inakaa mbele au nyuma kufuatana na jicho la nyuma. Pembe ikiingia mbele mm 4 zaidi, tairi halihami, ni shakeli tu inabadilisha mlalo wake.

Ndiyo maana ukikata mbele ya kishikio cha nyuma, nanga yako inabaki ya kiwandani. Ukikigusa kile cha nyuma ujue umegusa urefu kati ya magurudumu, ambao ni inchi 109, yaani mm 2769, na kosa lolote pale linapeleka ekseli mshazari. Gari litatembea kama kaa.

Kwa kwenda juu na chini, pembe haisamehe. Kati ya jicho na jicho ni kama sentimita 90. Ukichomelea pembe chini kwa mm 10, springi inainama mbele kwa karibu nyuzi 0.6, na ekseli inazunguka nayo. Kasta, yaani mlalo wa ekseli unaofanya usukani ujirudi, kiwandani ni nyuzi 3, wewe sasa una 2.4. Usukani unakuwa mlegevu, haurudi wenyewe baada ya kona. Ukikosea kwenda juu, kasta inaongezeka, usukani unakuwa mzito na propela shafti ya mbele (mhimili unaozungusha ekseli) inafanya kazi kwa mpindo mkali zaidi. Upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, ekseli ni chuma kimoja, haiwezi kujigawa. Itang'ang'ania bushi (mirija ya raba ya kwenye macho na pembe) mpaka zichanike, na gari litalala upande.

#5 Timazi

Hapo kwenye kulala upande niongeze neno. Springi za mbele za hizi gari si pacha. Ya upande wa dereva ina mkunjo mkubwa zaidi, kwa sababu dereva, usukani na tangi la mafuta viko huko. Fundi akizichanganya, gari likilala watu wanaanza kulaumu uchomeleaji. Ziwekee alama kwa rangi kabla ya kuzifungua.

Sasa vipimo. Gari liweke kwenye stendi chini ya CHESISI, usawa wa gia boksi na nyuma. Lisikae juu ya ekseli ya mbele, kwa maana springi yenye mzigo inasukuma pembe juu, na ukikata itaruka au itakupa kipimo cha uongo. Injini itegemeze kwa jeki na ubao chini ya sampu (bakuli la oili).

Usiamini sakafu ya gereji hata kama ni zege jipya. Tumia mpira wa maji, ule wa mafundi waashi: mpira mwembamba wa wazi, maji ndani, mapovu yote yatoke. Sawazisha chesisi kushoto na kulia kwa unene wa kibati kimoja. Halafu teremsha timazi kutoka katikati ya tundu la bolti la kishikio cha nyuma, kulia na kushoto, na kutoka katikati ya tundu la bushi la kila pembe. Alama nne sakafuni kwa msumari. Pima mishazari miwili na mbavu mbili, andika ukutani kwa chaki. Mishazari ikipishana zaidi ya mm 3 kabla hata hujakata, gari lilishagonga mti siku moja, na inabidi uamue utafuata upande upi.

Urefu wa kwenda juu pima kwa uzi: vuta uzi chini ya chesisi kutoka katikati ya gari hadi mbele ya bampa, kisha pima kutoka uzi hadi katikati ya kila tundu la bushi. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuokoa baadaye.

#6 MsumenoNgamiani

Na bomba. Kabla ya kukata tafuta bomba la chuma lililonyooka linalopita kwenye matundu ya bushi ya pembe zote mbili kwa wakati mmoja bila kucheza. Pembe mpya zikikaa kwenye bomba moja, basi ziko kwenye mstari mmoja hata fundi asipotaka. Usipofanya hivyo kila pembe itaangalia kwake.

Kata upande MMOJA kwanza. Wa pili uache ukiwa umesimama kama shahidi.

#7 DerevaWaMuheza

Wazee wangu, relei ya usukani (ile inayopokeza mzunguko wa usukani kwenda magurudumuni) mnaifanyaje? Ile iliyozama ndani ya krosimemba ya mbele, boriti inayounganisha pembe mbili. Imegoma.

#8 ChumaChaPwani

Hiyo ndiyo inakula siku nzima, na watu hawaihesabu kwenye muda wa kazi. Relei imekaa kwenye mrija ndani ya krosimemba, na kutu unaishikamanisha na mrija kama saruji. Mikono yake, wa juu na wa chini, ipige alama ya tindo kabla ya kuitoa, la sivyo usukani hautakaa katikati. Loweka mafuta ya kupenya siku mbili tatu, asubuhi na jioni. Kisha joto kwenye mrija, si kwenye relei yenyewe, na ufungue plagi ya mafuta yake kwanza ili isijae presha.

Onyo la kweli: ndani ya relei kuna springi kali sana iliyobanwa. Usiifungue kwa udadisi. Ikichomoka inaweza kuvunja taya au dari, ikitegemea kipi kiko karibu.

Kama krosimemba nayo imeoza na una nyingine, usihangaike: kata krosimemba kuizunguka relei, uchane mrija kwa urefu kwa grainda ukiwa nje mezani.

Vingine vinavyotoka: bampa, wavu, rejeta pamoja na fremu yake, mabawa yote mawili (yamefungwa kwa bolti tu, msiyakate), shokapu za mbele, mipira na mabomba ya breki yaliyopita hapo, nyaya za taa. Shakeli zifungue. Kumbuka kibao kimoja cha shakeli kina hesi ndani yake. Bolti inajifunga kwenye kibao, halafu nati ni ya kukaza isilegee. Wengi hupiga nyundo bolti bila kujua wanaharibu hesi.

#9 MwanaKorogwe

Spea je? Ninunue au nikunje bati?

#10 Timazi

Zinauzwa kwa namna tatu: pembe moja moja, krosimemba peke yake, au robo nzima ya mbele ikiwa imeshaungwa. Nyingi hutengenezwa Uingereza. Ukiagiza robo nzima unaokoa vipimo kwa sababu pembe na krosimemba zimeshawekwa kwenye jigi.

Kukunja inawezekana. Toa kipande cha zamani, kikwaruze, chora ubavu wake kwenye kadibodi. Ubavu mbili kwa bati la mm 3, mgongo (juu) na tumbo (chini) kwa mikanda ya mm 3 iliyokunjwa kufuata mchirizo, chomelea kona. Usipande mpaka mm 5 ukidhani unaimarisha. Pembe ngumu mno iliyounganishwa na chesisi ya mm 2 inapeleka uchovu wote kwenye kiungo, na ufa unatokea sentimita mbili nyuma ya kazi yako. Mrija wa bushi lazima uwe bomba zito lililochongwa kwa tona, si bomba la maji.

#11 MsumenoNgamiani

Mkato. Usikate wima kama mkate. Mkato wima unaweka kiungo chote mahali pamoja, na chesisi inapojikunja inafunguka hapohapo. Kata kwa mshazari, au kwa ngazi: mgongo ukatwe sentimita 8 hadi 10 mbele ya tumbo. Kaa mbali na vishikio vya injini angalau sentimita 5.

Ndani ya kiungo weka mkono, yaani boksi dogo la ndani, wa bati la mm 3, urefu mm 150, nusu kila upande, ukiingia kwa kugusa kuta. Kwenye chesisi ya zamani toboa matundu ya mm 10, mawili au matatu kila ubavu, uyajaze kwa kuchomelea ili mkono ushikane. Kati ya ncha mbili acha nafasi ya mm 2, moto ufike chini. Ukizibana ncha zikagusana utapata mshono mzuri wa juu juu tu.

Shika kwanza kwa nukta nane, mbili kila ubavu. Pima mishazari. Pima urefu kutoka kwenye uzi. Sasa ndiyo uchomelee, vipande vya sentimita 3, ukirukaruka: mgongo, tumbo, kushoto, kulia. Mshono unapopoa unavuta chuma upande wake. Ukimaliza mgongo wote kwa mkupuo, pembe inanyanyuka, na ile hesabu ya kasta ya #4 inakurudia. Usimwagie maji kupoza. Kazi hii si ya waja leo waondoka leo.

#12 PiniNaGrisi

Mashine gani? Wengi mtaani wana za rodi tu.

#13 MsumenoNgamiani

Rodi inatosha kama mkono unatosha. E6013 ya mm 2.5, kati ya ampea 60 na 90, anza chini kwa sababu bati la mm 2 linatoboka haraka. Kwa bati jembamba zaidi shuka rodi ya mm 2. Yenye waya na gesi, waya wa mm 0.8, ni rahisi zaidi kwenye mishono mifupi.

E7018 ni nzuri kwa mrija wa bushi na vishikio vizito, ila kwa hewa ya Tanga rodi iliyoachwa wazi usiku mmoja tayari imekunywa unyevu, na unyevu ndio unaoleta matundu na nyufa za ndani. Ioke kwenye oveni ya rodi kama karatasi ya mtengenezaji inavyosema. Kuianika juani bandarini hakusaidii kitu.

Toa betri, chomoa nyaya za altaneta. Waya wa ethi ubane sentimita chache kutoka unapochomelea, sio kwenye bampa ya nyuma, maana mkondo utapita kwenye beringi za gia boksi. Bushi za raba zisiwemo ndani ya mirija wakati wa kuchomelea. Na kama pembe uliyonunua imezamishwa zinki, kwarua zinki sentimita 3 hadi 4 kila upande wa mshono. Moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku huo. Maziwa hayakingi, kinachokinga ni hewa na barakoa ya kweli.

#14 DerevaWaMuheza

Na kile kibati cha kupachika juu ya kiungo kwa nje, kuongezea nguvu?

#15 Timazi

Kama mkono wa ndani umekaa sawa huhitaji. Ukitaka lazima, kikate umbo la almasi, ncha kali mbele na nyuma, ili mshono usikatishe ubavu kwa mstari wima. Kibati cha mraba kinahamisha ufa kutoka katikati kwenda pembeni, basi. Na kisipachikwe kamwe juu ya kutu: maji yanaingia katikati ya bati mbili na kukaa humo kama kwenye mtungi.

#16 PiniNaGrisi

Bushi mpya zinagoma kuingia. Nimeambiwa nikwaruze bushi.

#17 ChumaChaPwani

Usikwaruze bushi, yakhe. Joto la mshono limebana mrija. Pitisha tupa ya duara au rima taratibu kwenye MRIJA mpaka bushi iingie kwa kubanwa. Bila presi, tumia bolti ndefu yenye hesi, washa nene, na soketi inayogusa ganda la nje la bushi tu. Ukisukuma ganda la ndani unachana raba kabla ya safari ya kwanza.

Kukaza sasa. Hapa ndipo bushi nyingi zinakufa ndani ya miezi miwili. Raba imegandamana na ganda la ndani. Bolti za shakeli na za jicho la nyuma ziingize kwa mkono tu gari likiwa hewani. Rudisha magurudumu, shusha gari chini, litikise mara kadhaa likae kwenye uzito wake, HALAFU kaza. Ukikaza ekseli ikining'inia, raba inabaki imesokotwa muda wote gari likiwa limesimama, na kila shimo linaisokota zaidi.

#18 MwanaKorogwe

Kuzuia kutu ndani ya boksi jipya? Hapa kila fundi anasema oili chafu.

#19 MsumenoNgamiani

Oili chafu ni bora kuliko kutokuweka kitu.

#20 Timazi

Sikubaliani. Oili chafu imebeba asidi na masizi ya injini, inachuruzika ndani ya wiki kwa joto letu, na inadondokea bushi za raba na kuzivimbisha. Nje paka rangi ya zinki ya chini na rangi nzito juu, baada ya kukwarua maganda ya rodi yote. Ndani pulizia nta ya chesisi kwa mpira mrefu, siku ya jua kali ili itambae mpaka kwenye kona za mshono. Fanya hivyo baada ya kuchomelea kote kuisha, maana inawaka.

Na toboa matundu ya kutoa maji, mm 10 hadi 12, sehemu ya chini kabisa ya kila boksi. Watu wanaziba kila kitu wakidhani wanazuia maji. Boksi halizibiki kabisa, usiku linavuta hewa ya bahari na kutoa jasho ndani. Pikapu ya chumvi ioshwe kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) ndani ya chesisi kupitia matundu hayo siku ileile ya mzigo, sio Jumapili.

#21 MsumenoNgamiani

Kwa bushi nakubali. Kwa boksi la katikati, mbali na raba, bado naweka.

#22 DerevaWaMuheza

Nimefunga kila kitu. Kabla ya kupanda Lushoto niangalie nini?

#23 ChumaChaPwani

Breki kwanza, kama uligusa bomba lolote toa upepo magurudumu yote. Magurudumu ya mbele yaelekeane kwa ndani kati ya mm 1.2 na 2.4. Tairi zikiwa mbele sawa, mikono ya relei iwe kwenye alama zako za tindo. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho, hakuna mpira wa breki unaovutwa wala tairi inayogusa springi.

Usiende Lushoto bado. Nenda Pangani na kurudi bila mzigo, upite na vipande vya barabara mbovu vikusaidie. Kisha kaza tena yubolti zote na nati za shakeli, gari likiwa chini. Mishono ipake rangi nyeupe nyembamba kabla ya safari hiyo. Ufa ukianza, kwenye nyeupe utauona kama unywele mwekundu.

#24 DerevaWaMuheza

Rangi nyeupe nimeshapaka. Kesho alfajiri Pangani, nitaleta picha za mshono.

#25 Timazi

Leta na kipimo cha uzi, kulia na kushoto. Picha ya mshono haionyeshi mm 10.